Shazia na Sindano

Miaka ishirini na miwili nimeketi kwenye cherehani,
barazani pa duka la chumvi, mtaa wa Oli, mjini Arua,
na sindano nazijua kwa kidole hata umeme ukikatika:
hii ya kitenge, hii ya suruali ya jinzi,
hii ndefu, nene, shazia, ya kufungia magunia ya simsim.
Ajabu basi. Siku shemeji alipong'oa minyaa
niliyoipanda na marehemu, akasema shamba ni la ukoo,
nilikimbilia jina kubwa bila kutazama kitambaa.

Jina lilikuwa Onzima. Nani hamjui?
Amewatoa watu kitanzini; sauti yake, walisema,
huwaamsha popo wa paa la mahakama.
Niliuza mbuzi watatu na mashine yangu ya overloki.
Akapokea, akahesabu, akaniita mama, akaniambia nikalale.

Siku ya kesi akanguruma:
Mheshimiwa, mjane huyu analia!
(Sikuwa nalia. Nilikuwa natafuta miwani yangu.)
Hakimu akasubiri ngurumo ipite,
kama mtu aliyejikinga mvua chini ya upenu,
kisha akauliza, polepole:
barua ya usimamizi wa mirathi iko wapi?
Onzima akaniangalia mimi. Mimi nikamwangalia Onzima.
Feni ilizunguka.

Si mwizi. Wala sitasema ni mjinga.
Ni shazia, na mimi nilimpa hariri.

Zamzam alikuja kwangu yeye, na joho lake jeusi
lililochanika kwapani. Mfukoni nikakuta karatasi:
ramani ya shamba la mtu, mistari ya penseli,
kila mti umeandikwa jina la aliyeupanda.
Nikalishona taratibu. Aliporudi kulichukua nikamuuliza,
wewe, kesi zako ni zipi?
Ardhi na mirathi, akasema. Jinai siiwezi, usiniletee.
Sikuwahi kumsikia mtu wa ofisi
akitaja asichokiweza kabla ya kutaja bei.

Chumba chake kiko nyuma ya kinu cha kusaga muhogo;
vumbi jeupe huketi juu ya mafaili kama mteja mwingine.
Hakuniuliza shemeji alinitukana vipi,
na matusi yote nilikuwa nimeyapanga.
Aliuliza mahari ilikuwa ng'ombe wangapi, na nani alihesabu.
Minyaa ilipandwa mwaka gani, nani alishika kamba.
Mwenyekiti wa kijiji wa wakati ule yuko hai?
Cheti cha kifo. Watoto wangapi. Wote wangapi,
hata wale ambao hukupenda kuwasikia.
Hapo ndipo nililia, na hakimu hakuwepo.

Bei akaiandika. Risiti akaikata.
Akasema: yote hutapata.
Nyumba, ndiyo, na kupanda juu hadi kwenye mipera.
Bondeni kwenye magimbi, baba yao alilima kabla yako,
na mimi sitasimama mbele ya watu kusema hakulima.
Nikamchukia usiku mzima.
Asubuhi nikaenda kutia sahihi.

Jana Avako alikuja akihema, jirani yangu wa mihogo:
mwanawe amekamatwa, ati alikuwepo pale mtu alipouawa.
Nipe yule mwanamke wako, akasema,
yule aliyekurudishia nyumba.
Nikausimamisha mguu kwenye pedali.
Hapana, nikamwambia. Hilo lako ni gunia, tena limelowa.
Nenda kwa Onzima, ghorofani, sasa hivi, kabla mtoto hajaandikishwa maneno.
Mwambie asome faili kwanza, sauti baadaye.
Na risiti uidai mlangoni, usione haya.

Akatoka mbio, ndara moja mkononi.
Nami nikaichomoa shazia kwenye mto wa pini,
nikaitazama. Kutu ilikuwa imeanza karibu na tundu.
Nikaipaka mafuta.